Ndara Zangu Zimebadilishwa

Jumatatu, tarehe 4 Mei. Kilo 66.

Daftari hili nilipewa na Sista wa kliniki ya moyo siku moja kabla hawajafunga milango. Kazi yake ni moja. Kila asubuhi, nikishatoka msalani na kabla sijatia kitu mdomoni, nipande mzani niandike uzito. Basi. Moyo wangu umetanuka. Daktari alisema ni pampu iliyochoka, na pampu ikichoka maji hubaki mwilini. Nikamwambia moyo mkubwa nimezaliwa nao, aulize mtaa mzima. Alicheka sana. Ndiye daktari pekee ninayemwamini, na sasa hata yeye simwoni.

Kwenye jalada Sista ameandika kwa kalamu nyekundu. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, piga simu. Miguu ikivimba, piga simu. Ukishindwa kulala bila kuongeza mito, piga simu. Huyu Sista anapenda kupigiwa simu.

Ukurasa una mistari ishirini na minne. Uzito unakula mmoja. Iliyobaki niiache tupu? Sikulelewa hivyo. Nitaandika ninayoyaona humu ndani, na ninayaona mengi.

La kwanza. Leo saa tatu asubuhi mke wa mwanangu alikuwa anapima mlango wa chumba changu. Kwa utepe wangu mwenyewe wa kushonea, na bila kuomba. Alipogundua namtazama akasema, ah, Mama, naangalia tu. Macho yake tangu lini yana sentimita?

Nieleze, maana daftari halijui. Mke wa mwanangu ni mwalimu wa hesabu, na Mwalimu ndivyo ninavyomwita. Shule zimefungwa kwa ajili ya huu ugonjwa wa barakoa. Anafundisha kwa simu akiwa jikoni, simu ameiegemeza kwenye birika, na wanafunzi wanajifunza zaidi kelele za sufuria. Anahitaji chumba. Chumba chenye dirisha kubwa na mlango unaofungika kipo kimoja tu nyumba hii.

Mimi nimo ndani yake.

Jumanne, tarehe 5 Mei. Kilo 66 na nusu.

Siku ya kliniki, na kliniki hakuna. Miaka minne kila Jumanne nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, na mto wangu wa kukalia nilioutarizi mwenyewe. Tulikuwa tunajuana kwa maradhi na kwa watoto. Pale hakuna asiyejua kwamba mwanangu ni fundi wa lifti za hospitali kuu. Bila yeye madaktari wangepanda ngazi wakafika juu wakiwa wagonjwa. Nilikuwa nalisema hilo mara moja tu kila Jumanne, labda mbili kukiwa na mgonjwa mpya.

Sasa Sista anapiga simu. Dakika tatu. Uzito? Pumzi? Vidonge? Haya Mama, kaa ndani, wiki ijayo. Sikupata hata nafasi ya kumwambia kwamba lifti ya maabara imepata kamba mpya.

Na mwanangu mwenyewe ni wiki ya sita haingii chumbani kwangu. Anarudi kazini, anaoga, anabadili nguo, anasimama mwisho wa korido na barakoa usoni, ananipungia mkono kama abiria. Anasema Mama, kule nilikotoka ugonjwa umejaa, na moyo wako hauwezi mapambano. Nimembeba miezi tisa tumboni na miaka mitatu mgongoni. Leo tunatenganishwa na mita mbili, na mita ni lugha ya mwalimu wa hesabu. Najua ni nani aliyempa.

Jumatano, tarehe 6 Mei. Kilo 67.

Ujumbe umeingia kwenye simu, kundi letu la Benchi la Jumanne. Unasema ugonjwa huu hukaa kooni siku tatu ukisubiri njia ya kushuka, na dawa yake ni kusukutua maji moto yenye chumvi. Vijiko viwili kwa kikombe, mara tatu kwa siku. Mwishoni wameandika kwamba umetoka kwa profesa. Hawakutaja jina la profesa, na hilo ndilo lililonifanya niamini. Mwongo angetaja.

Shida ni chumvi. Tangu daktari aliponikataza chumvi kwenye chakula, Mwalimu ameificha nisikojua. Tunakula chakula chenye ladha ya karatasi ya mtihani. Nimetafuta kabatini, nyuma ya friji, ndani ya mfuko wa unga. Mkono ulinitoka mweupe mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu akauliza natafuta nini. Nikasema sindano. Akauliza sindano kwenye unga? Nikasema ndiyo maana nina wasiwasi.

Lakini mimi sishindwi na mtu aliyenikuta na mvi.

Chini ya dirisha langu, ghorofa ya tatu, anaishi mwenzangu wa benchi. Tunamwita Betri kwa sababu ametiwa betri ya moyo kifuani, na hajapata kutuacha tulisahau. Kila mgonjwa mpya anaonyeshwa kovu. Tunapendana, ila ana majivuno, na mimi sivumilii watu wa majivuno. Anaishi peke yake, kwa hiyo chumvi yake haifichwi na mtu. Nikafunga kikapu changu cha nyuzi kwenye kamba, nikatia barakoa mbili nilizoshona kwa kitambaa cha maua, nikateremsha. Nikagonga bomba la maji mara tatu. Kikapu kikapanda na pakiti nzima ya chumvi.

Betri akatoa kichwa dirishani akaniambia, we mwenzangu, usukutue halafu uteme, umesikia? Nikamwambia nimesikia.

Kutema dawa! Hilo sitalifanya. Mama yangu alitulea watoto saba na hakuna aliyethubutu kutema dawa. Kama kusukutua kunasafisha koo, kumeza kutasafisha mpaka mwisho. Nimemeza vikombe vitatu. Nahisi tayari nina kinga.

Chumvi nimeificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Alhamisi, tarehe 7 Mei. Kilo 68.

Hapana.

Nimeshuka, nimepanda tena. 68. Nimevua kitambaa cha kichwa. 68. Nimevua na hereni.

Tangu Jumatatu nimekula karatasi ya mtihani tu, na vidonge vyangu vyote nimekunywa, nimeviweka alama. Mtu hanenepi kwa njaa. Kwa hiyo nikaugeuza mzani kichwa chini, na huko chini nikakuta kigurudumu kidogo cha kurekebishia. Mzani una kigurudumu, na nyumba ina mwalimu wa hesabu. Sikuhitaji shahidi wa tatu.

Nikaanza kuuona mchezo wote. Uzito ukipanda, Sista ataambiwa. Sista akiambiwa, nitapelekwa hospitali. Nikipelekwa hospitali, chumba kitakuwa wazi, na vipimo vyake viko kwenye utepe tayari.

Na hospitali ya sasa si ile ya zamani. Betri anasema yule mzee wa benchi letu mwenye fimbo ya fedha aliingia kabla ya Pasaka, na hakuna ndugu anayeruhusiwa hata kumpelekea soksi. Unaingia peke yako, unalala peke yako, na mengine aliyasema kwa sauti ndogo. Nilicheka. Kisha nikafunga dirisha kwa komeo. Sitaki kufa mahali ambapo mwanangu anatengeneza lifti lakini haruhusiwi kuipanda kunifikia.

Sitamtajia Sista hiyo 68.

Ijumaa, tarehe 8 Mei. Kilo 66. (Mzani ulisema 69. Nimezungusha kigurudumu mpaka ukapata adabu.)

Sasa wameingilia ndara zangu.

Hizi ndara nilizishona mwenyewe kwa masalio ya sare za shule, buluu kwa nje na pamba laini ndani. Nilishona sare za shule nne kwa miaka thelathini, naijua mishono yangu kama sura ya mwanangu. Leo asubuhi miguu haikuingia. Nimesukuma, nimeviringisha vidole, mpaka kisigino kikabaki nje kama mkia. Zimebadilishwa. Mwalimu ameshona nyingine mfano wa zile zangu, saizi moja chini, akaweka mahali pake.

Kwa nini? Ili nitembee vibaya, nianguke, niende hospitali. Kobe akiinama anatunga sheria.

Nilimuuliza taratibu, kwa hekima, kama ameziona ndara zangu halisi. Akatazama chini akasema Mama, miguu yako imevimba. Nikamwambia miguu yangu naijua kuliko yeye, mimi nipo juu yake kila siku. Akasema tumpigie Sista. Ona alivyo na haraka! Nikamwambia nimeshampigia.

Sijampigia.

Jumamosi, tarehe 9 Mei. Kilo 66. (Mzani ulisema 70, lakini sasa mchezo naujua.)

Mtego. Nimechukua uzi mwekundu nikashona alama ndogo ndani ya kila ndara, chini ya kidole gumba, mishono mitano ya msalaba. Zile za uongo zitakuwa na uzi mwekundu. Siku atakapozirudisha za kweli, hazitakuwa nao. Ushahidi. Mwanangu ni fundi, anaheshimu ushahidi.

Mchana nilifanya mazoezi. Daktari alisema nitembee nusu saa kila siku, na zamani nilikuwa nazunguka soko mara mbili nikisalimia kila meza. Sasa sisi wa umri wangu haturuhusiwi kushuka barabarani, kwa hiyo natembea kwenye korido, kutoka mlango wa msalani hadi mlango wa jikoni. Mwezi uliopita nilikuwa nafika mizunguko arobaini naimba. Leo nimefika tisa nikashika ukuta. Pumzi haikutosha.

Sababu nimeshaijua. Mwalimu anapulizia ile dawa ya kuua vijidudu kila kona, kwenye vitasa, kwenye vitufe vya taa, juu ya pakiti za majani ya chai. Kuua vijidudu ni kuua hewa. Hewa nayo ni kiumbe. Nikamwambia apunguze. Akasimama na chupa yake mkononi, macho yamemjaa maji, akauliza Mama unapumua vizuri kweli? Nikasema napumua vizuri kukiwa na hewa.

Macho yale yalinisumbua mpaka jioni. Kama ni kuigiza, ana kipaji.

Jumapili, tarehe 10 Mei. Kilo 66.

Uzi mwekundu upo. Ndara bado zinabana, na leo zinabana zaidi. Kwa hiyo amefumua uzi wangu kutoka zile za jana na kuushona kwenye nyingine ndogo zaidi. Mishono ile ile mitano. Kumbe anajua kushona, na miaka yote hii alikuwa ananiletea mimi vifungo vyake.

La pili, mto. Nimelalia mto mmoja tangu nilipoolewa. Sasa nikijilaza mchana nakosa pumzi, nashtuka kama mtu aliyezama. Nimeongeza wa pili. Nimeongeza wa tatu. Nikafikiri, mtu anahitaji mito mitatu lini? Pale mto wake mmoja ulipoibiwa pamba. Nikaupasua niupime. Pamba ilitoka, ikaendelea kutoka, ikajaa kitanda, ikajaa sakafu. Mwalimu alifungua mlango akanikuta nimekaa katikati kama kuku anayenyonyolewa. Nikamwambia nafanya usafi.

Alipiga magoti akaanza kuokota. Nami nikaokota, huku nahema. Tuliokota pamoja kwa muda mrefu. Anaokota vizuri, lazima niseme. Haachi kitu pembeni.

Vikombe vya chumvi sasa ni vinne. Ugonjwa unazidi, na dawa lazima izidi.

Jumatatu, tarehe 11 Mei. Kilo 66. (Kigurudumu kimefika mwisho. Hakizunguki tena.)

Nimeona kitu nyuma ya kabati la korido. Plastiki. Roli nzima ya plastiki nene, inayoonyesha, ndefu kuliko mimi. Nimeishi miaka sitini na minne na ninajua ni vitu gani vinavyofungwa kwa plastiki ndefu kuliko mimi.

Nikaandika barua. Mwanangu huchukua chakula cha mchana kwenye kopo, na barua nikaikunja ndogo nikaiweka chini ya kijiko. Nimemwambia yote. Mlango, mzani, ndara, pamba, plastiki. Nikamwambia mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ulijichagulia, nilikuonya ni ya kuchuja. Nikamwambia akiwa bado ni wangu, anijibu kwa siri.

Jibu limekuja saa nane kwenye simu. Mama, umekunywa vidonge vya maji leo?

Vidonge vya maji ni vile vya kunikojoza. Nimevinywa. Nimemjibu ndiyo, na kwamba najibiwa kama mgonjwa. Akaandika tena, nakupenda sana, nakuja kukuona leo kwa mbali. Kwa mbali! Nikaizima simu.

Alasiri niligonga bomba niongee na Betri, nikashindwa kumaliza sentensi. Pumzi inakatika katikati ya neno, na Betri hana subira, anamalizia yeye, na anamalizia vibaya. Akaniuliza, we, mbona unasema kama saa iliyoishiwa? Mtu wa betri kuniambia mimi hivyo.

Jumanne, tarehe 12 Mei. Hakuna kilo.

Naandika kitandani hospitali. Mkono una mpira wa dawa, mwandiko utasameheka.

Ilikuwa hivi. Sista alipiga saa nne, na safari hii kwa simu ya picha. Sikujiandaa. Nilijibu maswali yote kwa ustadi. Uzito 66. Pumzi tele. Nilikuwa nazungumza neno mojamoja ili asisikie. Ndipo akasema Mama, nionyeshe mguu, ubonyeze hapo juu ya kifundo kwa kidole gumba.

Mguu nilishaubonyeza peke yangu asubuhi. Shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Nikafikiri haraka. Mkono wangu haujavimba. Nikakunja nguo, nikauweka mkono mbele ya simu, nikabonyeza. Hakuna shimo. Safi kabisa. Nikamwambia unaona, Sista?

Sista akasogeza uso karibu na simu. Kisha akauliza mguu wangu una kiwiko tangu lini.

Akataka kuongea na mtu mwingine nyumbani. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, wanafunzi wake wakiita Mwalimu, Mwalimu kutoka kwenye birika. Akapokea simu. Akaonyesha miguu yangu, akaonyesha mito, akaugeuza mzani akaonyesha kigurudumu. Alikuwa analia huku anaeleza kwa mpangilio, kwanza, pili, tatu. Hesabu iko kwenye damu.

Nusu saa baadaye mwanangu alikuwa mlangoni. Nikasubiri asimame mwisho wa korido kama kawaida yake. Hakusimama. Alikuja moja kwa moja, na nguo za kazi, akanishika chini ya kwapa akaniinua. Lifti ya jengo letu imebandikwa karatasi, mtu mmoja tu. Aliipita karatasi kama haioni. Ghorofa nne, na njia nzima kichwa changu kilikuwa begani kwake. Anatoa harufu ya grisi. Wiki saba sijaisikia harufu ile. Nilimwambia lifti inatingishika, aiangalie. Akasema inayotingishika si lifti, Mama, ni mimi.

Mlango wa wodi ndio ulioturudisha kwenye sheria. Yeye huku, mimi kule.

Ijumaa, tarehe 15 Mei. Kilo 67. (Mzani wa hospitali. Kigurudumu chake wamekificha vizuri.)

Ilikuwa 71 nilipoingia. Wananichoma sindano na mimi nakojoa kama mvua ya masika. Daktari mdogo, macho tu juu ya barakoa, alikuja kunieleza. Alinichorea moyo, mapafu na miguu kwenye karatasi. Chumvi huvuta maji. Maji hujaa. Kwanza kwenye miguu, viatu vinabana. Kisha kwenye mapafu, mtu analala kwa kukaa. Nilimwambia nimeelewa kila neno, na mchoro wake ni mzuri ila moyo wangu ameuchora mdogo.

Akauliza kama ninatumia chumvi kwenye chakula. Nikamwapia kwamba sijaonja chumvi kwenye chakula tangu mwaka jana, amuulize mke wa mwanangu, ndicho kitu pekee tutakachokubaliana. Akakuna kichwa. Akasema ajabu.

Kuhusu dawa hakuuliza.

Peke yako hapa ni peke yako kweli. Vitanda vimetenganishwa, hakuna anayemtembelea mtu. Wa jirani anaongea na ukuta. Usoni kwa wauguzi sioni mdomo, sijui nani anatabasamu. Jumatano usiku nilijuta mambo mengi, nisiyaandike yote. Mojawapo ni ile sentensi ya nguo ya kuchuja.

Lakini jana saa saba mchana lifti ilikwama kwenye ghorofa yetu. Milango ikafunguka ikakataa kufunga. Mkabala na kitanda changu, kule mwisho wa ukumbi, mtu wa ovaroli amechuchumaa ndani na bisibisi mkononi. Hatengenezi kitu. Ananitazama. Akanipungia bisibisi. Dakika kumi, kisha lifti ikapona yenyewe.

Leo saa saba kamili ikakwama tena, hapohapo. Wagonjwa wakaanza kumlaumu fundi. Wa jirani akauambia ukuta kwamba siku hizi hakuna mafundi. Maisha yangu yote sijapata kunyamaza mtu akimsema mwanangu. Leo nimenyamaza. Nilijifunika shuka mpaka puani ili mtu asinione nacheka.

Jumatano, tarehe 20 Mei. Kilo 63.

Nimerudi nyumbani. Mzee mwenye fimbo ya fedha alikuwa wodi ya juu, ameniaga kwenye lifti, ni mzima na anadai soksi. Betri na midomo yake.

Na plastiki nimeiona ilipo. Wameitundika kwenye mlango wangu, juu hadi chini, imekatwa kwa kipimo, imeshonwa pindo. Upande wa korido wameweka kiti. Mwanangu alirudi kazini, akaoga, akavuta kiti akakaa. Sahani yake mapajani, yangu mapajani, plastiki katikati. Tumekula pamoja mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Akaweka kiganja kwenye plastiki, nami nikaweka changu. Ina joto, hiyo plastiki.

Akasema ni wazo la Mwalimu. Alikuwa ananishonea kwa siri, anaogopa nitakosoa pindo.

Pindo limepinda kidogo upande wa kushoto. Sikusema. Nilimwambia Mwalimu asante, mwanangu, na akaniangalia kama aliyepewa cheti. Chumba kumbe hakukitaka. Nimemwambia aje afundishie huku kwangu asubuhi, kwenye meza ya cherehani, na kwenye plastiki tutakata pa kupitia, tutaona. Mtu akikosea akubali.

Nimekubali. Kuhusu chumba.

Alhamisi, tarehe 21 Mei. Kilo 63.

Nimeamka, nimeandika uzito, nimeshusha miguu. Ndara zimeingia.

Zimeingia kama siku niliyozishona. Kisigino ndani, vidole vinacheza. Nikazivua nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Buluu ile ile, pamba ile ile. Za kweli.

Wamezirudisha nilipokuwa hospitali.

Nikaangalia ndani. Uzi mwekundu upo, mishono mitano. Ameuhamisha tena, na kwa ustadi kiasi kwamba hata tundu la sindano la zamani halionekani. Simchukii. Kwa mkono ule, angekuja kwangu mapema ningemfundisha, tungefungua karakana. Ila mtu anayeweza kushona pindo lililopinda makusudi ili asijulikane kwamba anajua kushona, huyo ni wa kuangaliwa kwa macho yote mawili.

Saa nne niligonga bomba. Betri alitoa kichwa akalia, akanitukana kwa furaha, akaniambia kila siku alivuta kamba akadhani nitaitika. Nikateremsha kikapu, nikamwambia chumvi yangu imeisha, droo ya cherehani nimeikuta imefagiliwa. Akauliza hospitali hawakunikataza? Nikamwambia walinikataza kwenye chakula. Akauliza, polepole, lakini we si unatema? Nikamwambia mimi sijatema dawa tangu nizaliwe.

Betri alinitazama, mkono juu ya betri yake. Akaingiza kichwa ndani. Nilimsikia anapiga simu. Na hapa kwangu, jikoni, simu ya Mwalimu ikalia.

Kikapu kilipanda chepesi. Ndimu moja.

Kwa hiyo na Betri wamemchukua. Miaka minne ya benchi moja. Sawa. Nimekaa nimefikiri, nimekunywa kikombe cha maji matupu, nimechukua ndara zangu na sindano. Nyekundu alishaijua. Safari hii nimeshona uzi wa kijani, mishono saba, na roli ya uzi wa kijani nimeifungia shingoni.

Sasa azibadilishe.